Ukuta Usio na Alama

Mwaka 1971 watafiti wawili wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Tiba, pale Mill Hill kaskazini mwa London, walichapisha picha ambazo thamani yake yote ilikuwa katika nukta nyeusi. John Armstrong na Philip D'Arcy Hart walichukua seli za panya ambazo kazi yake mwilini ni kumeza vijidudu na mabaki ya seli zilizokufa. Kwanza wakazilisha feritini, protini inayobeba madini ya chuma. Chini ya darubini ya elektroni chuma huonekana kama vumbi jeusi. Seli zikaimeza feritini na kuiweka kwenye vifuko vyake vya kusagia chakula. Kisha zikapewa bakteria wa kifua kikuu, nazo zikawameza pia, kila mmoja akafungiwa katika kifuko chake. Swali lilikuwa kama vifuko vya kusagia vingeungana na vifuko vya bakteria. Vikiungana, vumbi lingemwagika kumzunguka bakteria, na picha ingeonyesha.

Bakteria waliokuwa wameharibika walizungukwa na vumbi. Wale wazima, kwa sehemu kubwa, hawakuwa nalo. Vifuko vyao vilikuwa safi, ilhali vifuko vya kusagia vilikuwa palepale jirani, vimejaa silaha ambayo haikutumika.

Ilikuwa habari ya kutisha. Tangu zamani wengi waliamini kwamba kijidudu kikishamezwa na seli mlinzi, habari yake imekwisha. Picha hizi zilionyesha kijidudu kilichomezwa kikiendelea kuishi humo humo tumboni mwa adui yake, kwa raha zake, kama mpangaji mwenye ufunguo. Hart alikuwa ameshakifahamu kifua kikuu kwa njia nyingine. Alikuwa miongoni mwa waliosimamia jaribio la streptomaisini lililotangazwa mwaka 1948, dawa ya kwanza iliyothibitishwa kukitibu. Alizaliwa mwaka 1900 na akafariki mwaka 2006, kwa hiyo aliishi miaka ya kutosha kuona sehemu kubwa ya jibu la fumbo aliloliacha mezani. Jibu hilo lilichukua zaidi ya miaka 30, na ili tulielewe inatubidi turudi nyuma kidogo.

Mwaka 1882 Ilya Mechnikov, mtaalamu wa wanyama kutoka himaya ya Urusi, alikuwa Messina, katika kisiwa cha Sicilia. Siku moja watu wa nyumbani kwake walikwenda kutazama sarakasi, yeye akabaki na darubini yake akichunguza mabuu ya kiti cha pweza, ambayo mwili wake hupenyeza mwanga kiasi kwamba unaona seli zikitembea ndani. Akajiuliza: nikimchoma mnyama huyu mwiba, seli hizi zitafanya nini? Akachuma miiba ya waridi bustanini na kuichomeka kwenye mabuu kadhaa. Asubuhi alikuta seli zimekusanyika kuuzunguka mwiba, zimeukumbatia kana kwamba zinataka kuula. Kutokana na asubuhi ile akajenga nadharia kwamba mwili hujilinda kwa seli zinazokula wavamizi.

Wapinzani wake hawakuwa wachache. Ujerumani, Paul Ehrlich na wenzake walishikilia kwamba kinga iko kwenye majimaji ya damu, katika vitu tunavyoviita leo kingamwili. Kamati ya Nobeli ikawagawia wote wawili tuzo ya mwaka 1908, lakini kwa miongo mingi iliyofuata upande wa damu ndio uliotawala. Naweza kuelewa kwa nini. Kingamwili zilipimika, zikatengenezewa chanjo na dawa. Tatizo ni kwamba kingamwili huelea nje ya seli. Mvamizi akishaingia chumbani na kujifungia, askari wa barabarani hamfikii.

Mwaka huohuo wa 1908, mjini Tunis, Charles Nicolle na Louis Manceaux walimkuta mvamizi wa namna hiyo. Walikuwa wakichunguza gundi, mnyama mdogo mgugunaji wa milima ya kusini mwa Tunisia, mwenye manyoya laini na masikio mafupi. Ndani ya seli za mnyama huyo waliona vimelea vyenye umbo la mwezi mwandamo. Mwaka uliofuata wakavipa jina la Toxoplasma gondii: neno la kwanza kutokana na neno la Kigiriki la upinde, la pili kutokana na jina la mnyama. Leo tunajua kwamba toksoplasma huishi kwa ndege na wanyama wengi wenye damu moto, binadamu akiwamo, na kwamba huzaana kwa jinsia katika utumbo wa paka peke yake. Wengi wetu tukiipata hatujui kama tumeipata. Kimelea hujificha katika misuli na ubongo, kikatulia miaka na miaka.

Nani alijua kilivyojificha? Hakuna, kwa sababu hakuna aliyejua vizuri ndani ya seli kuna nini. Hapo ndipo anapoingia Christian de Duve, Mbelgiji wa Chuo Kikuu cha Louvain, ambaye wala hakuwa akiwinda vijidudu. Alikuwa akipima vimeng'enya vya ini la panya. Kimoja kati ya hivyo kilimtatiza: kipimo kilionyesha kiasi kidogo mno kuliko alichotarajia. Ini lile lililosagwa likawekwa kwenye jokofu, na lilipopimwa tena baada ya siku chache nguvu ya kimeng'enya ilikuwa imepanda. Mtu mwingine angesema kipimo cha kwanza kilikosewa, akaendelea na kazi. De Duve akafikiri kwamba kimeng'enya kilikuwa kimefungiwa ndani ya kifuko, na kwamba siku zile za jokofu zilikitoboa kifuko. Mwaka 1955 vifuko hivyo vikapewa jina la lisosomu. Ndani yake mna tindikali na vimeng'enya vya kumeng'enya karibu kila kitu chenye uhai, na ndivyo Armstrong na Hart walivyokuja kuvijaza vumbi la chuma.

Mwaka mmoja baada ya picha za Mill Hill, Thomas Jones na James Hirsch wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, waliripoti jambo lilelile kwa toksoplasma. Kimelea kikiwa hai, lisosomu hazikigusi. Kikiwa kimekufa, husagwa. Baadaye ikaeleweka kwamba kimelea hiki hakisubiri kumezwa, bali hujisukuma chenyewe ndani ya seli, chini ya nusu dakika, kikiukunja utando wa nje wa seli na kujifunika nao. Kadiri kinavyopita, kinauchuja utando huo: mafuta yake kinaruhusu yaingie, protini nyingi za mwenyeji kinaziacha mlangoni. Kinapomaliza kuingia kimeshajijengea chumba kwa matofali ya mwenye nyumba, lakini bila vitambulisho vya mwenye nyumba. Naomba msomaji alishike jambo hili dogo, tutalihitaji.

Kwa kifua kikuu, Armstrong na Hart walijaribu dawa iliyoonekana dhahiri, yaani kulazimisha vifuko viungane. Mwaka 1975 walieleza kwamba bakteria waliopakwa kwanza kingamwili kutoka kwenye damu ya mnyama aliyepewa chanjo hawakuweza tena kuzuia muungano. Vumbi jeusi likawamwagikia. Lakini bakteria wengi wakaendelea kuishi. Mlango ulifunguliwa, askari wakaingia, na bado mwizi hakufa. Nadhani huu ni mmoja wa ukweli mchungu zaidi katika historia hii yote, nao ulithibitisha kwamba seli inahitaji kitu zaidi ya tindikali yake ya kila siku.

Wakati huohuo, kikosi cha utafiti wa kifua kikuu ambacho Hart alikuwa amekiongoza hadi mwaka 1965 kilikuwa na kazi Afrika Mashariki. Chini ya Wallace Fox, kwa kushirikiana na watafiti wa huku, kiliendesha jaribio katika hospitali za Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia kuona kama matibabu ya mwaka mmoja na nusu yanaweza kufupishwa. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 1972 yalionyesha kwamba miezi 6 inatosha kama mchanganyiko wa dawa una rifampisini au pirazinamidi. Wagonjwa wetu ndio waliolifundisha jambo hilo dunia nzima, na sioni likisimuliwa inavyostahili. Pirazinamidi yenyewe ni dawa ya ajabu, maana hufanya kazi vizuri zaidi mahali penye tindikali, na vyumba vya ndani ya seli ni miongoni mwa mahali hapo.

Turudi kwa silaha iliyokosekana. Katika jengo lilelile la Mill Hill, mwaka 1957, Alick Isaacs na Jean Lindenmann waliona kwamba seli zilizoguswa na kirusi hutoa kitu kinachozitahadharisha seli jirani. Wakakiita interferoni. Mwaka 1965 ikaonekana kuna interferoni ya aina nyingine, inayotolewa na chembe nyeupe za damu zilizochokozwa, na hatimaye ikaitwa interferoni gama. Mwaka 1983 Carl Nathan na wenzake mjini New York wakaonyesha kwamba hiyo ndiyo inayozigeuza seli mlaji kutoka wasafishaji wa kawaida kuwa wauaji. Mwaka 1993 makundi mawili ya watafiti Marekani yaliwaondolea panya jeni ya interferoni gama, kisha yakawaambukiza kifua kikuu. Panya walikufa haraka, bakteria wakiwa wamewajaa.

Kwa binadamu ushahidi ulikuja kwa huzuni. Mwaka 1996 ziliripotiwa familia za Malta na Tunisia ambazo watoto wao walikuwa wakiugua vibaya kutokana na bakteria dhaifu wa jamii ya kifua kikuu, na mtoto wa Tunisia aliangamizwa na BCG, chanjo ileile inayochomwa watoto wachanga mkononi bila madhara. Watoto hao walizaliwa na kasoro katika kipokezi cha interferoni gama. Kengele ilikuwa ikipigwa, lakini seli zao hazikuwa na masikio.

Basi kengele ikipigwa, seli inafanya nini hasa? Hufanya mambo mengi kwa wakati mmoja, maana mamia ya jeni huwashwa. Miongoni mwa protini zinazozalishwa kwa wingi zaidi mna koo mbili zinazotumia kemikali iitwayo GTP kama baruti yake. Ukoo wa kwanza, GBP, ulionekana mwaka 1983 katika seli za binadamu zilizopewa interferoni. Ukoo wa pili, IRG, ulifahamika zaidi miaka ya 1990 kwa panya. Kwa muda mrefu hakuna aliyejua kazi yake. Kisha mwaka 2000 Gregory Taylor na wenzake wakatoa taarifa ya panya waliokosa protini moja tu ya ukoo wa IRG. Panya hao walikuwa na afya njema, na waliwashinda virusi kama kawaida, lakini walipopewa toksoplasma walikufa. Mwaka 2003 John MacMicking, akiwa na Taylor na John McKinney, wakaonyesha kwamba panya waliokosa protini nyingine ya ukoo huo walishindwa na kifua kikuu. Hii haikuwa kinga ya jumla. Ilikuwa kinga dhidi ya walioko chumbani.

Kitendo chenyewe kilionekana Köln, Ujerumani, katika maabara ya Jonathan Howard, na taarifa yake ikatoka mwaka 2005. Watafiti walizipa seli za panya interferoni, wakaziambukiza toksoplasma ya aina isiyo kali, wakatazama. Dakika chache baada ya kimelea kuingia, protini za IRG ambazo zilikuwa zimetawanyika ndani ya seli zinaanza kujipanga juu ya utando wa chumba chake. Zinazidi, mpaka chumba kinang'aa chote kama pete. Utando uliokuwa umenyooka kama puto unaanza kukunjamana. Vipande vidogo vinameguka. Halafu ukuta unapasuka, na kimelea kinabaki uchi katikati ya seli. Hakidumu. Baadaye seli yenyewe nayo hufa, lakini hufa bila kumzalishia adui kizazi kipya.

Mimi kilichonishika zaidi katika tukio hilo si kupasuka. Ni kule kujipanga. Seli moja ya mnyama ina tando nyingi mno: kiini kina wake, mitokondria zina zake, kuna mitandao ya mifereji, vifuko vya mafuta, lisosomu zenyewe. Chumba cha kimelea kimejengwa kwa utando uleule wa seli. Protini hizi haziwezi kumwona kimelea, maana yeye yuko upande wa pili wa ukuta. Zinajuaje ni ukuta upi wa kubomoa, na upi wa kuacha?

Jibu lilikuja polepole. Ndani ya ukoo wa IRG kuna ndugu watatu, wanaoitwa Irgm, wenye tofauti ndogo: mahali fulani katika mlolongo wao, pale ndugu wengine wana asidi amino ya laisini, wao wana methionini. Hawa watatu hawabomoi. Mwaka 2008 maabara ya Howard ilionyesha kwamba wao ndio wanaowazuia ndugu zao wasiwake ovyo, na kila mmoja ana mtaa wake ndani ya seli. Mwaka 2013 kundi la Jörn Coers katika Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, likapiga hatua iliyounganisha mambo. Walionyesha kwamba tando za seli zilizokaliwa na Irgm husalimika, na chumba cha kimelea hushambuliwa kwa kuwa hakina Irgm wa kutosha. Walipoziondoa Irgm, wabomoaji wakaanza kuparamia hata vifuko vya mafuta vya seli yenyewe.

Kumbe seli haimtambui mgeni. Inatambua vya kwake, imeviwekea alama, na ukuta wowote usio na alama ndio unaoitiwa wabomoaji.

Mwenye kukumbuka jambo lile nililoomba lishikwe ameshaona linakoelekea. Toksoplasma huziacha protini za mwenyeji mlangoni, kisha hukitenga chumba chake na msafara wa vifuko vya seli ili lisosomu zisiungane nacho. Ni ujanja uliowashangaza Jones na Hirsch mwaka 1972. Lakini chumba kilichojitenga na msafara hakipati alama zinazosafiri na msafara huo. Kwa maoni yangu huu ndio uzuri mkubwa wa ugunduzi huu: kimelea hakiwezi kuukwepa mtego wa lisosomu bila kujiweka kwenye mtego wa pili, kwa sababu kukwepa kwenyewe ndiko kunakokifichua.

Kimelea nacho hakikulala. Aina kali za toksoplasma, zinazomuua panya wa maabara kwa siku chache, zinapoingia hurusha protini inayoitwa ROP18, na mwaka 2010 makundi mawili, la David Sibley kule St. Louis na la Howard, yalionyesha kwamba ROP18 hubandika fosfati kwenye protini za IRG mahali hasa panaposhika GTP. Baruti inaloa maji. Ukuta haupasuki. Lakini kuna jambo ambalo Howard alilisisitiza sana: kimelea kinachomuua panya kabla ya paka kumla kimejikata mkono, maana bila paka hakizaani kwa jinsia. Iweje basi ukali huo uwepo? Mwaka 2013 maabara yake ikaonyesha kwamba panya wa maabara si kipimo sahihi cha panya wa porini. Baadhi ya panya wa asili ya Asia wana protini za IRG zinazoidaka silaha ya kimelea na kuifungia, nao hupona hata mbele ya aina kali. Wawili hawa wamekuwa wakinoleana visu kwa muda mrefu sana.

Na binadamu je? Hapa nilipoisoma habari hii mara ya kwanza nilisimama. Panya ana jeni zaidi ya 20 za ukoo wa IRG. Sisi tunazo mbili, na moja hufanya kazi kwenye korodani. Nyingine, IRGM, ina kisa chake. Watafiti walioisoma katika nyani na sokwe walikuta kwamba iliharibika na kunyamaza kwa mababu wa nyani yapata miaka milioni 40 iliyopita, kisha ikafufuka katika ukoo wa masokwe na binadamu baada ya kipande cha kirusi cha kale kujipachika mbele yake. Ni fupi, imekatwa, na tofauti ndogo karibu yake zimehusishwa na ugonjwa wa Crohn wa utumbo. Silaha kuu ya panya, kwetu, imebaki kipande tu.

Lakini ukuta wa chumba bado tunaufikia, kwa njia zetu. Mojawapo ilionekana Cambridge, Uingereza, mwaka 2012, katika maabara ya Felix Randow. Uso wa ndani wa vifuko hivi umepambwa kwa sukari ambazo kwa kawaida hazitazami kamwe majimaji ya ndani ya seli. Salmonela akitoboa chumba chake, sukari zinachungulia. Galektini-8, protini inayozurura humo ndani, huzishika sukari hizo, na kuwaita wafungashaji wa seli, ambao humviringisha bakteria pamoja na mabaki ya chumba chake na kumpeleka kwenye lisosomu. Mpangilio ni uleule: hakuna aliyemtambua salmonela. Kilichotambuliwa ni ukuta wa seli yenyewe ukiwa katika hali isiyopaswa kuwa.

Njia ya pili ni ule ukoo wa GBP wa mwaka 1983, ambao binadamu anazo 7. Mwaka 2020 maabara kadhaa zilionyesha kwamba GBP1 humvaa bakteria aliyetoka chumbani, ikishika mafuta ya gamba lake la nje, na wenzake wakajenga juu yake. Mwaka 2024 kundi la MacMicking, kijana yule wa mwaka 2003 akiwa sasa na maabara yake Yale, likatoa picha za vazi hilo kwa darubini ya elektroni, sampuli zikiwa zimegandishwa: protini 30,000 juu ya bakteria mmoja, zimesimama bega kwa bega. Bakteria aliyevikwa hivyo gamba lake hulegea, na ndani ya seli king'ora cha mwisho hulia.

Kuna jirani mmoja ambaye bado anatushinda. Klamidia huishi maisha yake yote ya kuzaana ndani ya chumba cha utando, na aina zake za macho huleta trakoma. Kongwa, mkoani Dodoma, ugonjwa huu umefuatiliwa na watafiti tangu miaka ya 1980. Mtoto huambukizwa tena na tena, kope hupata makovu kwa ndani, na ukubwani nywele za kope hupinda na kukwaruza jicho. Watu wetu huiita hali hiyo vikope, na mama mwenye vikope hujing'oa nywele moja moja kwa koleo ndogo ili apate usingizi. Ndani ya seli za panya, klamidia ya binadamu hukamatwa na IRG. Ndani ya seli zetu, interferoni gama hutumia njaa: huiteketeza triptofani, ambayo klamidia haiwezi kuishi bila hiyo. Aina za sehemu za siri zimebaki na kimeng'enya cha kujitengenezea triptofani kutoka kwa mabaki ya bakteria jirani. Aina za macho zimekipoteza. Na mwaka 2022 maabara ya Coers ilionyesha kwamba klamidia hupaka ukuta wa chumba chake protini inayozuia walinzi wetu kuubandika alama ya uharibifu. Hata huyo, vita vyake viko ukutani.

Thamani ya kengele hii ya interferoni gama, Afrika Mashariki imeijua kwa uchungu mkubwa. Virusi vya UKIMWI huua chembe nyeupe za CD4, na hizo ni miongoni mwa zinazotoa interferoni gama. Zikipungua, walioko vyumbani hufungua milango. Toksoplasma iliyolala kwenye ubongo miaka 20 huamka. Kifua kikuu, ambacho mwili ulikuwa umekizingira, huvunja mzingiro, na mpaka leo ndicho kinachowaua wanaoishi na virusi hivyo kuliko ugonjwa mwingine wowote.

Hakuna bado dawa hospitalini inayoziamuru protini hizi zibomoe ukuta wa bakteria wa kifua kikuu. Maarifa yapo, picha zipo, dawa haijafika. Kikohozi humwacha mgonjwa baada ya majuma machache, ilhali baadhi ya bakteria wangali wamejificha, wengine wao ndani ya vile vifuko safi vya Armstrong na Hart. Ndiyo maana kwa wagonjwa wengi wa Mwanza, Kisumu na Kampala muda wa dozi ungali uleule uliothibitishwa katika hospitali zetu mwaka 1972: miezi 6.